Boila, Vishikio Saba na Posa ya Jumapili

Jumatatu, 15 Januari

Nje nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Ndani sijui. Kipimajoto nimekificha ili mama mkwe asikione.

Asubuhi Berrin kapiga simu kutoka Ankara. Binti yangu pekee, miaka thelathini na mbili, mfamasia, akili za mama yake na ulimi wa bibi yake. Kasema Tuncay na wazazi wake wanakuja Eskişehir Jumapili kuleta posa. Wanatoka Mersin! Huko Januari hii watu wanachuma machungwa wamevaa shati! Nikampongeza, chozi likanitoka, la kweli. Ndipo akabadili sauti. Baba, nyumba iwe na joto. Mama yake Tuncay ana baridi yabisi. Wageni wakinywa kahawa yangu wamevaa makoti, basi posa hamna, tutafunga ndoa manispaa na wewe utaziona picha kwenye simu.

Nimeapa. Mkono kifuani, ingawa kwenye simu hakuona.

Sasa niandike ukweli, maana shajara hii hakuna anayeisoma. Nyumba hii haijawashwa joto miaka mitatu. Si ubahili, ni akili. Tuko ghorofa ya tatu. Juu yetu Bi Perihan, mjane, huwasha mpaka dari yetu inatoa jasho. Chini yetu Bwana Hulusi, mwalimu mstaafu wa hisabati. Ukikaa katikati ya watu wawili wanaowasha, wewe unawasha ya nini? Boila yetu ni ya maji ya kuoga tu.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe Saadet, miaka themanini na saba, mwenye kiherehere cha kuzunguka vyumbani akifungua koki za rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopashwa na maji ya boila. Nikazifunga zote saba. Nikang'oa vishikio vyake, nikavitia kwenye soksi, soksi nikaitia kwenye kopo la biskuti, kopo nikaliweka rafuni roshani, chini ya boila. Nikamwambia mke wangu Makbule kwamba vishikio vimeoza na kiwanda chake kilishafungwa. Kaamini! Kila nikikumbuka najipa pongezi.

Mwaka huu mambo yamekwenda mrama. Bi Perihan yuko Izmir kwa dada yake tangu Desemba, dari imepoa. Na sakafu nayo ni barafu. Maana yake Hulusi kazima! Anataka kuishi kwa joto langu, mwizi yule. Joto ambalo hata mimi sina.

Saa nane mchana nimewasha boila upande wa joto la nyumba. Ikanguruma dakika mbili. Ikazima, taa nyekundu. Nikawasha tena. Dakika mbili, taa nyekundu. Nikaipiga kofi. Taa nyekundu, na mkono unaniuma.

Boila ya miaka kumi na sita, na imesubiri wiki hii ndipo ife!

Jumanne, 16 Januari

Kaja Fundi Kazım. Masharubu meupe, begi la ngozi, sukari vijiko vinne. Boila hakuigusa mpaka chai ya pili. Halafu akafungua kifuniko, akachungulia, akafyonza. Akauliza aliyefunga boila hii ni nani, maana si fundi, ni mchinja mbuzi. Tazama bomba hili! Tazama skrubu hizi! Nikamuunga mkono, nikasema siku hizi kazi za watu ni ovyo. Tukamlaani mtu yule kwa pamoja, kwa raha kabisa.

Upande wa chini wa kifuniko kuna karatasi iliyobandikwa: jina la Kazım na namba yake ya simu.

Kazım akakifudikiza kifuniko. Akasema enzi zile vifaa vilikuwa vibaya. Akaomba chai ya tatu.

Akauliza kama koki za rejeta zote ziko wazi. Nikasema wazi kabisa. Kwani zinahusiana nini? Boila ni boila, koki ni koki. Gari likikataa kuwaka huulizi kama mlango wa nyuma umefungwa. Nimefanya kazi reli miaka thelathini na moja, mashine nazijua. (Nilikuwa dirisha la tiketi, lakini mashine nilikuwa naziona kila siku.) Na Makbule alikuwa hapo karibu, akisikia habari ya vishikio imekwisha hiyo, tutachoma gesi mpaka Aprili. Mpango wangu ni safi: boila ipone kwanza, halafu Jumamosi jioni nivifufue vishikio kwa siri, Jumapili tu, Jumatatu vinarudi kwenye soksi.

Kazım akataka kuingia vyumbani akajionee. Nikasimama mlangoni. Nikasema samahani fundi, wanawake wako ndani hawajajistiri. Makbule akapaza sauti kutoka jikoni kwamba yeye kajistiri tangu alfajiri na mama yake kavaa koti, kofia na shali, labda tutafute wa tatu.

Hukumu ya Kazım: pampu imechoka. Boila yenyewe ni chuma cha watu, hizi mpya ni vichezeo. Alhamisi ataleta pampu.

Uamuzi: kutengeneza. Moyo mweupe.

Jumatano, 17 Januari

Nimepita dukani kwa Fundi Orçun, mtu wa kisasa, shati la kampuni, kompyuta ya kubofya kwa kidole. Lengo langu ni kupata bei yake nimtishie Kazım. Ujanja wa kawaida.

Orçun kanisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma, kama daktari. Kasema bwana Nevzat, kutengeneza boila ya miaka kumi na sita ni kumnunulia marehemu viatu. Leo pampu, kesho feni, keshokutwa nyumba imejaa moshi. Boila mpya inapunguza gesi kwa asilimia thelathini. Kauliza tunatumia kiasi gani kwa mwezi kupasha nyumba. Nikasema sifuri. Akatazama kompyuta yake muda mrefu. Akasema, basi mtaokoa asilimia thelathini ya hapo.

Nimepiga hesabu njia nzima. Asilimia thelathini ya sifuri. Kuna kitu hakikai sawa lakini sikioni.

Uamuzi: kununua mpya. Karatasi zile zinang'aa sana.

Alasiri kengele imelia. Hulusi! Mkononi sahani ya dolma, wali uliofungwa kwa majani ya kabichi. Miaka yote sahani huletwa na mkewe, Bi Nadide, yeye hajawahi kubeba hata mkate. Tena hatusemezani vizuri tangu alipoazima plaizi yangu mwaka 2019 akasema kairudisha. Nikanusa jambo. Nikamkaribisha. Akavua viatu, akavaa ndara, na badala ya kukaa akaenda moja kwa moja kwenye rejeta ya sebuleni akaiegemea, eti anatazama nje. Kiganja kimelala juu ya chuma! Nikajua. Mpelelezi!

Nikavua sweta palepale. Nikasema uf, Makbule, punguza moto kidogo, tutaungua. Makbule akanitazama kama nimepatwa na homa. Hulusi akasema hata kwake leo kafungua madirisha. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Akaondoka.

Dolma tumekula. Nzuri sana, sikatai.

Alhamisi, 18 Januari

Siku ya aibu. Kazım kaja na pampu, na mimi nilishaamua kununua mpya kwa Orçun. Kumwambia siwezi. Mtu kanywa chai tatu nyumbani kwako, unamwambiaje sikutaki? Nikamwagiza Makbule aseme nimetoka, nikaingia bafuni nikafunga mlango. Makbule akamwambia hayupo, yuko bafuni.

Kazım kanywa chai nne, kafunga pampu, kawasha. Nilikuwa nasikiliza kupitia ukuta. Dakika mbili. Kimya. Kafyonza.

Nikatoka, nikajifanya naingia. Kasema hapana, pampu haikuwa na kosa, tatizo ni kile kikadi cha umeme. Pampu kairudisha begini. Ataleta kikadi Jumamosi. Akauliza tena habari ya koki. Mbona mzee huyu ana wazimu wa koki? Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ziko wazi zote saba, nimezikagua kwa mkono wangu. Akasema ajabu, boila inafanya kama mtu anayejaza chupa iliyofungwa. Sikumwelewa. Mafundi wanapenda mafumbo.

Alipoondoka nikaona nami niende vitani. Sahani ya jirani hairudi tupu, hiyo inajulikana. Makbule kaweka helva, haluwa yetu. Kwa kawaida angeipeleka yeye, nikamnyang'anya. Nikavua sweta, nikavua fulana ya sufu, nikabaki na shati jepesi, nikashuka.

Hulusi kanifungulia kavaa kofia ya manyoya. Nyumbani kwake! Kaivua haraka akaishika nyuma. Nikaingia, nikaegemea rejeta yake. Baridi kama kaburi! Akachukua gazeti akaanza kujipepea. Nikafungua kifungo cha juu cha shati. Tukakaa hivyo dakika ishirini, tukizungumzia mpira, meno yanagongana. Kauliza nawasha kwa kiwango gani. Nikasema cha kati. Kasema yeye pia. Bi Nadide kapita mbele yetu na blanketi mabegani.

Nimerudi siisikii miguu. Kwa hiyo ni kweli: anasubiri mimi niwashe, na mimi nasubiri yeye awashe. Lakini yeye ni bahili, mimi napanga.

Sahani kailazimisha irudi tena na mimi. Ina karanga.

Uamuzi: sijui.

Ijumaa, 19 Januari

Nimechora jedwali. Kulia KUTENGENEZA, kushoto KUNUNUA. Kisha nimeuliza wenye akili.

Kinyozi: tengeneza, vyuma vya siku hizi ni karatasi. Mwoka mkate: nunua, shemeji yake alitengeneza mara sita. Mtu mmoja msikitini, simjui jina: uza nyumba uhamie Antalya. Rafiki yangu wa zamani wa reli kwenye nyumba ya chai: ya kwake ilikuwa inazima hivyohivyo dakika mbili, na kosa lilikuwa panya. Nikamuuliza panya anazimaje boila. Akasema panya wa kwake, si wa kwangu, atajuaje.

Jedwali limejaa. Kulia saba, kushoto saba. Panya nimemweka katikati.

Kichwa kinaniuma. Nikamwendea mama mkwe. Ndiyo, nimefika huko. Anatabiri kwa machicha ya kahawa kikombeni, mtaa mzima unamwamini. Nimekunywa, nimefunika kikombe, nimesubiri kipoe. Kwetu hapo ni sekunde kumi. Kakishika, kakigeuza. Kaona ndege: habari. Kaona njia mbili: hujui unakwenda wapi, mkwe wangu, hilo hata bila kahawa nalijua. Kaona sanduku jeupe linatoka na jingine jeupe linaingia.

Basi! Kununua! Nikamshukuru, nikainuka. Akanivuta mkono. Ngoja, kuna kitu chini hapa. Kopo. Naona kopo la bati, mwanangu, una kopo?

Nikasema sina kopo. Nikaosha kikombe mwenyewe, mara mbili.

Nimempigia Orçun. Kesho asubuhi. Kikadi cha Kazım nitajua cha kufanya.

Jumamosi, 20 Januari

Siku ya ushindi, mpaka saa tisa.

Saa nne Orçun kaingia na boila mpya. Nyeupe, nyembamba, taa za kijani. Ya zamani kaing'oa kaiweka sakafuni roshani. Na bahati ilivyo, mnunua vyuma chakavu anapita mtaani na kipaza sauti! Nikamwita dirishani. Nikamnyonga haswa. Kwa boila ile yeye anatoa beseni, mimi nasema beseni na vibanio vya nguo. Anatoa vibanio ishirini, mimi arobaini. Akasema arobaini, basi nichukue na takataka za rafu ile. Nikasema chukua zote, safisha! Kasafisha. Nikajisikia kijana. Makbule alikuwa akilalamikia rafu ile tangu mwaka juzi.

Saa tisa Orçun kawasha. Taa za kijani. Mngurumo mtamu. Dakika moja. Dakika mbili.

Taa nyekundu.

Lahaula! Boila MPYA! Orçun kapauka. Kabofya, kasoma, kakuna kichwa. Kengele ikalia: Kazım na kikadi chake. Yarabi! Wametazamana wale wawili pale roshani kama wake wenza. Kazım akauliza nani kaifunga hii. Wakazozana kidogo kuhusu bomba la moshi. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi, wakasema kwa sauti moja: koki.

Wamenieleza taratibu, mmoja kila upande. Boila inachemsha maji, maji yanataka kwenda kwenye rejeta, rejeta zimefungwa, maji hayana pa kwenda, boila inazidiwa, inajizima isiungue. Ni yenye akili, kasema Orçun. Hata ile ya zamani ilikuwa na akili, kasema Kazım. Haikuwa na kosa lolote.

Haikuwa na kosa lolote! Nimeiuza kwa vibanio!

Nikasema nitazikagua. Wakataka kuja nami vyumbani. Nikasema wanawake hawajajistiri. Wameondoka pamoja, wanacheka, nimewaona dirishani wakiingia nyumba ya chai.

Nikakimbia roshani kuchukua kopo.

Rafu tupu. Imefutwa hata vumbi.

Nimeteremka barabarani na ndara. Kipaza sauti hakisikiki popote. Nimerudi. Nikajaribu kuzungusha zile pini za koki kwa vidole: hazisogei. Kwa kijiko: kimepinda. Kwa vibanio vya nguo: vimebaki thelathini na nne. Hapa inatakiwa plaizi. Plaizi yangu iko kwa Hulusi tangu 2019. Kumwomba, kamwe! Kesho nitanunua nyingine.

Berrin kafika na treni ya saa kumi na moja. Kanibusu mkono. Kagusa rejeta. Nikasema boila ni mpya kabisa, mwanangu, itazoea. Koti hakuvua. Hilo ndilo limenichoma.

Jumapili, 21 Januari

Duka la vifaa limefungwa Jumapili. Kwa nini sikukumbuka hilo? Nimeishi mji huu miaka sitini na sita.

Makbule kaweka ndara za wageni kwenye oveni zipate joto. Jozi moja imeyeyuka kidogo kisigino. Hiyo kapewa Tuncay.

Saa nane wamefika. Bwana Seyfi, baba, mkulima wa machungwa, mikono mikubwa. Bi Neriman, mama, mnene, mpole, anatembea kwa shida. Tuncay na maua na chokoleti. Wakavua viatu. Nikasema vueni makoti, karibuni. Bi Neriman akasema asante, akalifunga kifungo cha juu. Tukakaa. Nikaongea sana. Nikaongelea reli. Pumzi yangu ilikuwa inaonekana. Mama mkwe kajificha ndani ya mablanketi mawili, pua tu nje.

Berrin kaingia na sinia ya kahawa. Wageni wote na makoti yao. Akaniangalia mara moja tu, halafu akatazama vikombe. Tuncay kanywa kahawa yake yote, ile yenye chumvi ambayo binti humjaribu nayo mchumba siku ya posa, hakukunja uso, machozi tu yalimtiririka. Kijana mzuri. Nikammiminia maji. Kichwani niliona picha ya manispaa kwenye simu, mimi simo.

Bwana Seyfi akainuka kimyakimya, akaenda kuiegemea rejeta, kama mtu yeyote mwenye baridi. Mkono wake ukashuka wenyewe kutafuta koki. Mtu aliyefungua na kufunga maji ya shamba maisha yake yote. Akainama. Akasema, ndugu yangu Nevzat, kishikio cha hii kiko wapi? Akaenda ukumbini. Na cha hii? Tuncay, mwanangu, teremka kwa jirani, omba plaizi.

Nikasema hapana! Tuncay kashateremka, na ndara iliyoyeyuka.

Kapanda naye Hulusi mwenyewe, kofia ya manyoya kichwani, Bi Nadide nyuma yake. Hulusi akamsalimu kila mtu, akasema plaizi ya nini, akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kishikio. Kimoja, cheupe, kama vyangu. Akapiga magoti, akakichomeka, akafungua. Kishikio kimoja kinatosha koki zote, unakihamisha tu. Kwa nini sikulijua hilo!

Ndipo Bi Nadide akasema polepole: Hulusi, hicho ulichonacho si uliniambia vishikio vimeoza?

Makbule akageuza shingo kwangu. Akamuuliza Bi Nadide: na kiwanda kilishafungwa?

Kilishafungwa, akasema Bi Nadide.

Wanawake wale wakakaa kochi moja, wakashikana mikono. Hulusi akaendelea kufungua koki, hata zilizokwisha funguka. Nikamuuliza kwa mnong'ono vishikio vyake vingine viko wapi. Akasema viko mahali salama, hakumbuki wapi. Kwa mara ya kwanza nikampenda mtu yule.

Nikawasha boila. Dakika mbili. Tatu. Tano! Chuma kikaanza kulia tik, tik. Bi Neriman akafungua kifungo kimoja. Kisha cha pili. Kisha akavua koti, akacheka. Mama mkwe akatoka kwenye blanketi, akaenda kuikumbatia rejeta ya dirishani, akafumba macho.

Berrin akaniita jikoni. Nilidhani atanipigia kelele. Akasema kwa sauti ya chini: baba, bibi amelala na koti miaka mitatu. Joto ulikuwa unamficha nani? Sisi?

Niliona aibu, naandika hivyohivyo, aibu, mpaka masikio yakawaka, na hayo hayakuwa ya rejeta.

Bwana Seyfi akasema maneno ya posa, kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume. Nikasema wameshapendana, mimi nani nizuie. Nikalia. Berrin akanibusu mkono, kisha shavu. Wageni wameondoka na mashati, makoti mkononi.

Nimejifunza kitu kikubwa leo. Sitasahau kamwe.

Jumatatu, 22 Januari

Sakafu ina joto!

Nimetembea peku tangu asubuhi kuhakikisha. Ni kweli. Bi Nadide kamlazimisha Hulusi kuwasha, plaizi yangu imepatikana ghafla, kafungua koki ya sebule. Ndiyo hiyohiyo iliyo chini ya sebule yangu.

Nimejiuliza kwa utulivu. Kama sakafu ina joto, rejeta zetu zinafanya kazi gani? Makbule na mama yake walikuwa sokoni. Kishikio cha Hulusi alikisahau kwenye koki ya ukumbini. Nimezifunga zote saba, kwa majaribio tu, siku moja mbili. Nyumba bado ina joto la jana, hawatajua.

Kishikio nimekificha. Si kopo safari hii, mimi si mjinga. Ni mahali ambapo mama mkwe hawezi kufika, mnunua vyuma hawezi kuchukua, na mimi siwezi kusahau. Sitapaandika hapa, maana tangu jana Makbule anaiangalia shajara hii kwa jicho baya.

Jumanne, 23 Januari

Baridi. Makbule kauliza kishikio kiko wapi. Nikasema Hulusi kachukua, si chake?

Saa nne Hulusi kapanda. Mkewe anataka na vyumba vya kulala vifunguliwe, plaizi imevunjika mdomo, anaomba kishikio chake. Nikasema nilikurudishia Jumapili. Akasema hukurudisha. Nikaapa. Akaapa. Makbule kasimama nyuma yangu, Bi Nadide kasimama ngazini. Walitazamana tu.

Nimetafuta. Ndani ya saa ya ukutani, ndani ya koti la arusi yangu, ndani ya mfuko wa mchele. Beseni. Vibanio, kimoja kimoja. Sahani ya Hulusi bado iko kwetu, karanga nimezimwaga nikatazama chini yake. Nimesoma ukurasa wa jana mara saba. Kila kitu nimeandika isipokuwa mahali penyewe.

Berrin kapiga simu, sauti tamu. Wakwe wametupenda mno. Baada ya wiki tatu watakuja kuvisha pete, watu thelathini. Nyumba iwe na joto, baba. Nimeapa, mkono kifuani.

Jioni nimesikia viatu juu. Bi Perihan karudi kutoka Izmir! Nimepanda kiti, nikagusa dari ya sebule kwa kiganja. Vuguvugu, na linazidi. Nimeshuka, nimevua sweta. Hakuna haja ya kuhangaika na kishikio.